Ifakara na Bonde la Kilombero: Likizo Iliyotukumbusha Haki

Kila likizo ya mwezi wa Juni inapokaribia, mazungumzo katika nyumba nyingi za mijini huwa ni yaleyale: mwaka huu tuwapeleke watoto wapi? Wenye uwezo hutaja Antalya, Tunis na Iskandaria, miji ya pwani ya Bahari ya Mediterania, ambako watu hufuata jua, samaki, maghofu ya kale na upepo wa bahari. Sisi hatuna ugomvi na pwani hiyo. Kutoka Tangier, mlangoni mwa bahari hiyo, ndiko alikotoka Ibn Battuta, msafiri ambaye mwaka 1331 alifika Kilwa na kuusifu mji ule na watu wake. Lakini hutushangaza kwamba yeye alitoka huko kuja kutazama kwetu, nasi tunatamani kwenda kutazama kwao kabla hatujaiona nchi iliyo nyuma ya nyumba zetu.

Kaskazini ya Kilwa, mkabala na kisiwa cha Mafia, Mto Rufiji humwaga maji yake baharini. Zaidi ya nusu ya maji hayo hutoka bonde moja tu lililo bara, katika mkoa wa Morogoro: Bonde la Kilombero. Mwaka huu ndiko tulikokwenda.

Tukiri mapema kwamba safari yetu haikuwa ya matembezi matupu. Babu yetu aliyefariki mwaka 2009 aliacha shamba la mpunga la ekari kumi ng'ambo ya mto, upande wa Minepa. Tangu daraja lilipojengwa, ardhi ya upande ule imepanda thamani, na baba mdogo alikuwa amepata mnunuzi aliyeitaka yote kwa mkupuo. Tukasema: tuwapeleke watoto wakaione asili yao, na sisi wakubwa tukamalize jambo la shamba. Tulikuwa sita: mama, sisi ndugu watatu, na watoto wawili ambao hawajapata kuuona mpunga ukiwa bado una majani.

Njia ya kuingia bondeni

Kutoka Dar es Salaam hadi Ifakara ni zaidi ya kilomita 400. Tuliondoka mara baada ya Swala ya Alfajiri. Ukishaupita mji wa Morogoro, barabara kuu hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Hapo hakuna tiketi ya kukata kwa anayepita tu barabarani. Watoto waliwaona twiga, swala na kundi la tembo kupitia dirisha la basi, na kelele zao zikawaamsha abiria wengine. Katika mji mdogo wa Mikumi njia ya Ifakara huacha barabara ya Iringa na kushika kusini. Hapo tulisimama, tukala, na tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza. Tunalitaja hili kwa sababu familia nyingi huliona suala la swala kuwa uzito wa safari, ilhali sheria yenyewe imekwisha kumfanyia msafiri wepesi.

Baada ya Mikumi nchi hubadilika. Mashamba ya miwa hutanda pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu, na harufu ya sukari inayopikwa humpokea mgeni kabla hajaviona viwanda. Hapo ni Kidatu, penye bwawa na mitambo ya umeme wa maji yenye uwezo wa megawati 204. Ukivuka Ruaha umeingia Kilombero. Mkono wa kulia unasimama ukuta wa milima ya Udzungwa, umefunikwa msitu hadi kileleni. Mkono wa kushoto ardhi ni tambarare hadi macho yachoke. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kama kilomita 67, sasa ina lami. Waliosafiri zamani wakati wa masika wanakumbuka kwamba kipande hicho kiliweza kumaliza siku nzima, na wakati mwingine abiria walilala njiani.

Iko pia njia ya reli. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, na ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Treni hupita kando ya wanyama katika pori la iliyokuwa Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kisha hushika bonde lote: Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Chita hadi Mlimba, ndipo ianze kupanda milima kwa mahandaki na madaraja. Anayetaka kuwafurahisha watoto kwa treni na ajaribu, lakini ahakikishe ratiba kabla ya kufunga mizigo.

Milima ya Udzungwa

Tulilala usiku mmoja Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Tofauti na Mikumi, humu hakuna barabara za magari. Anayetaka kuona hana budi kutembea kwa miguu pamoja na mwongoza wageni. Njia inayopendwa zaidi ni ile ya maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka jumla ya mita 170 kwa ngazi tatu. Ni mwendo wa saa kadhaa kwenda na kurudi, na mama alibaki chini na tasbihi yake. Watoto walifika juu kabla yetu. Ukisimama pale juu unaliona bonde lote: miwa ya kijani, kisha mpunga wa dhahabu, kisha ukungu mweupe unaoashiria mto.

Katika misitu hii wamo mbega wekundu wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Yumo pia mnyama wa jamii ya kima ambaye wataalamu wa nje walimtambua mwaka 1979 na kumpa jina la kijiji cha Sanje. Mwongozaji wetu, kijana wa hapo, alicheka alipotueleza: wenyeji walikuwa na jina la mnyama huyo tangu enzi za mababu, na hawakujua kwamba alikuwa hajagunduliwa.

Mwongozaji huyohuyo alitupa habari nyingine ambayo haimo katika mabango ya utalii. Hadi mwaka 2011 wanawake wa vijiji vya pembezoni waliruhusiwa kuingia hifadhini siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Kisha ruhusa ikasitishwa ili msitu upumzike. Mama yake alikuwa mmoja wao. Leo yeye analipwa kuwaonyesha wageni msitu ule ambao mama yake haokoti tena kuni ndani yake. Hakulalamika wala hakusifu. Alisema tu kwamba nyumbani sasa wamepanda miti yao, na kwamba chemchemi za kijiji bado zinatoa maji. Tukajifunza kwamba uzuri anaoufuata mgeni kwa siku mbili, mwenyeji huulipia mwaka mzima.

Kusini zaidi, katika milima hiyohiyo, kuna korongo la Kihansi na habari ya chura mdogo wa manjano asiyefikia urefu wa sentimita tatu. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko yale tu, na huzaa watoto walio hai bila kupita hatua ya viluwiluwi. Alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ukijengwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalikatika, na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wakifugwa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 walianza kurejeshwa nchini, na mwaka 2012 baadhi yao waliachiwa tena Kihansi, ambako manyunyu ya kutengenezwa yamewekwa kwa ajili yao. Mtoto mmoja wetu aliuliza: kwa nini watu wahangaike hivyo kwa ajili ya chura? Mama akamjibu kwamba aliyemuumba chura ndiye aliyemuumba yeye, na kwamba binadamu amepewa ardhi kuwa msimamizi, atakayeulizwa.

Mji wa baiskeli

Ifakara ni mji tambarare, na kwa hiyo ni mji wa baiskeli. Bodaboda na bajaji zimejaa kama kwingineko, lakini baiskeli haijashindwa: utamwona mzee amevaa kanzu na kofia akienda msikitini kwa baiskeli, mama amebeba kiroba cha mpunga, mwanafunzi amempakia mdogo wake. Jioni adhana hupokezana kutoka msikiti hadi msikiti. Wakazi ni mchanganyiko wa Wambunga, Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wangindo na wengi waliokuja kwa sukari, reli na mpunga. Waislamu na Wakristo wamepakana uzio kwa uzio, wakizikana na kualikana harusi.

Shangazi alitupokea mlangoni. "Shikamoo shangazi," tukasema kwa pamoja. "Marahaba wanangu, karibuni nyumbani. Wifi yangu, umechoka?" Akampokea mama mkoba, akatuwekea mkeka chini ya mwembe, na kabla hatujaulizwa habari za mjini ulikwisha kuletwa wali na kambale wa kukausha aliyeungwa kwa nazi. Kuhusu wali huo hatutasema mengi. Anayenunua mchele wa Kilombero dukani Kariakoo anaijua harufu yake. Lakini mchele uliokobolewa asubuhi ileile ni jambo jingine.

Usiku shangazi alihakikisha mwenyewe kwamba kila mtoto yumo ndani ya chandarua na kimechomekwa chini ya godoro. Katika jambo hili Ifakara ina historia ambayo kila mzazi anapaswa kuijua. Mwaka 1957 wataalamu kutoka Uswisi walianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana leo ulimwenguni. Walikuwa na sababu ya kuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kijiji cha Namawala kilicho jirani, ilikadiriwa kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ndipo ukaja mpango wa kuuza kwa bei nafuu vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba vyandarua hivyo viliongeza kwa asilimia 27 uhai wa watoto wenye umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Chandarua anachogawiwa mama mjamzito leo katika zahanati ya mbali kina deni kwa watoto wa bonde hili.

Mto na watu wake

Siku ya tatu tulivuka mto. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwezi Mei 2018. Kabla yake palikuwa na kivuko, na mwezi Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Tulishuka kwenye bajaji tukatembea juu ya daraja kwa miguu. Maji yalikuwa yameshapungua, ya rangi ya chai ya maziwa, na chini yetu Mndamba mmoja alikuwa amesimama katika mtumbwi wake akisukuma kwa pondo bila haraka. Wandamba ni watu wa mto. Hujua mkondo ulipohamia tangu mwaka jana na kambale wanapojificha maji yakipungua. Kambale, perege na kitoga wanaouzwa sokoni Ifakara hupita mikononi mwao.

Shangazi alisimama katikati ya daraja akatuonyesha mahali. Babu alifariki mwezi wa Aprili, akiwa shambani, ng'ambo. Mto ulikuwa umefurika na kivuko hakikuweza kuvuka. Wazee wawili wa Kindamba walijitolea kuivusha maiti kwa mtumbwi alfajiri, na yeye shangazi, aliyekuwa akimuuguza babu kule, alikuwa ndani ya mtumbwi ule ameshika kamba ya jeneza. "Baba zenu walikuwa upande wa pili wananingoja," alisema. Sisi tulikuwa tunaijua habari ya mazishi yale, lakini hatukuwa tumejua nani alimvusha.

Mto huu wakati wa masika huacha mipaka yake na kufanya bonde zima kuwa ziwa la majani. Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, Iran, kando ya Bahari ya Kaspi. Eneo lililoorodheshwa ni karibu kilomita za mraba 8,000. Yuko ndege, mmoja wa jamii ya mnana, anayepatikana katika bonde hili tu, na wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Yuko sheshe, swala mwekundu apendaye nyasi za majimaji. Bonde hili liliwahi kuhesabiwa kuwa na sehemu kubwa ya sheshe wote duniani. Leo wamepungua sana. Mashamba yamesogea hadi ukingoni, ng'ombe wameingia kwa maelfu, mitiki imepandwa, na malisho yamebanwa. Mwishoni mwa mwaka 2012 ilifanyika operesheni kubwa ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao bondeni, na makovu ya operesheni ile bado yanazungumzwa kwa sauti ya chini. Huko chini mtoni kuna Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, ambalo nalo linasubiri maji haya. Mkulima, mfugaji, mvuvi, mnyama na balbu ya mjini wote wanakunywa katika kikombe kimoja.

Ekari kumi

Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa kwa sehemu kubwa. Shamba la babu linaanzia penye mwembe na kuishia penye kijito. Katikati yake limesimama dungu, kibanda juu ya nguzo, ambako mwezi mzima kabla ya mavuno shangazi na wajukuu zake hukaa kuamia ndege. Watoto wetu walipanda wakashika kopo na kamba, wakaamia ndege ambao hawakuwapo. Upande mmoja vijana walikuwa wakipura, upande mwingine wanawake wakipepeta, na makapi yakipeperuka kwa upepo kuelekea mlimani.

Shangazi alitueleza hesabu ya mwaka mmoja. Mbegu, trekta, palizi, kuamia, kuvuna, kupura, magunia, usafiri. Mwezi wa Februari, wakati wa njaa, wapo wanaokuja na fedha taslimu: chukua sasa, utanilipa gunia wakati wa mavuno. Wapo wanaotimiza masharti ya mauzo ya salam yaliyoelezwa na wanavyuoni, yaani bei kulipwa yote papo hapo, kipimo kujulikana na muda kujulikana. Lakini wengi humlaza mkulima kwa bei ya dhiki, na wakati wa kuchukua huleta gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, hata gunia moja likawa karibu gunia na nusu. Hapo kipimo hakijulikani tena, na biashara imekuwa dhulma. Tukamuuliza kuhusu zaka. Akajibu bila kufikiri: shamba hili hunyeshewa na mvua ya Mungu, silimwagilii kwa gharama, basi haki ya maskini ni sehemu moja katika kumi, mazao yakifikia kiwango. Huwa anaitenga hapohapo shambani kabla gunia halijafungwa.

Tulikaa chini ya mwembe. Baba mdogo alikuwa amefika kwa basi la usiku. Alieleza habari ya mnunuzi, bei, na jinsi fedha zitakavyotusaidia: ada za shule, kumalizia nyumba, na shangazi naye "atapewa chochote". Sisi, tuseme ukweli, tulikuwa tumekuja tukiwa tumekwisha kukubali. Kwa miaka yote tulikuwa tukijiona wakarimu: shangazi analima shamba letu bila kutozwa kodi, naye hututumia kila mmoja gunia la mchele. Tulikuwa tukiliita "shamba letu" na tukimshukuru kwa gunia.

Shangazi alimsikiliza ndugu yake hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole: "Mimi sikatai muuze lililo lenu. Naomba kwanza nionyeshwe lililo langu. Tangu baba afe hakuna aliyenionyesha."

Hakuna aliyejibu. Babu alipofariki, bibi alikuwa amekwisha kutangulia. Aliacha watoto watatu: baba yetu, baba mdogo na shangazi. Sura An-Nisaa imeshafanya hesabu hiyo, na haihitaji mwanasheria: mwanamume fungu mbili, mwanamke fungu moja. Ekari kumi kwa mafungu matano: nne za baba yetu, nne za baba mdogo, mbili za shangazi. Ni hesabu ya mtoto wa madrasa. Nasi tuliosomea madrasa, tuliosikiliza mihadhara ya mirathi misikitini, tuliikalia miaka yote hiyo kwa sababu tu shangazi hakupiga kelele. Na baba yetu alipofariki mwaka 2017, mama naye alikuwa na thumni yake katika zile ekari nne, nusu ekari kamili, ambayo hatukuwahi kumtajia. Mama alikuwa amekaa pale, anachezea majani ya mkeka.

Hatukuliuza shamba siku ile. Alasiri tulimwita imamu wa msikiti wa jirani, mwenyekiti wa kijiji na wazee wawili wanaoijua mipaka. Tulipima kwa kamba kutoka mwembeni hadi kijitoni. Kipande cha shangazi kikaangukia upande wa kijito, palipo na dungu, kwa kuwa sote tuliridhia hivyo. Miche ya mkonge ikapandwa mpakani, na karatasi ikaandikwa na kutiwa saini na mashahidi. Baba mdogo bado anataka kuuza ekari zake nne, na hiyo ni haki yake. Amempa shangazi hadi mavuno yajayo, akipata fedha anunue yeye. Zile za baba tumeziacha zilimwe, na mwaka huu gunia litakalokuja kwa mama litakuwa ni lake, wala si hisani.

Kwa familia inayotaka kwenda

Kwa wanaopenda kufuata njia yetu, wakati mzuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba, barabara za vijijini zinapopitika na mpunga unapovunwa. Masika bonde hupendeza kutazamwa kutoka mlimani, lakini huwa zito kwa wasafiri wenye watoto. Chukueni viatu vya kufunga kwa ajili ya Udzungwa, nguo za mikono mirefu kwa jioni, na vyandarua vyenu kama hamna hakika na mnakofikia. Chakula cha halali hakina shida: samaki, wali na ndizi vipo kila mahali, na misikiti iko karibu. Msimpige picha mvuvi wala mkulima kabla ya kumsalimu. Na mkinunua mchele, nunueni kwa kilo iliyopimwa kwenye mizani, si kwa lumbesa.

Na kama huko mwendako kuna ndugu yenu anayelima ardhi ya marehemu wenu, msiende mikono mitupu na msirudi bila kuuliza. Kuunga udugu ni kumtembelea jamaa na kula wali wake, na pia ni kumwonyesha mpaka wake. Mtume (s.a.w.) ametuonya juu ya kuchukua hata shubiri moja ya ardhi isiyo yetu, na sisi tulikuwa tumekalia ekari mbili.

Asubuhi ya kuondoka, shangazi alitusindikiza hadi stendi. Alitufungia mchele katika vifuko vidogo, kila mtoto na chake, akawaambia warudi Mei, ndege wawepo kwelikweli. Watoto wamekwisha kuandika mwezi huo katika kalenda ya ukutani. Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awarehemu babu na baba, ambariki shangazi katika ekari zake mbili, na atusamehe tuliochelewesha. Amin.